Luxor haikuiba Zuma. Walioiba ni sisi

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na itakuja, naapa, lakini leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitema sitaandika hata mstari mmoja wa programu ya mteja anayenisubiri.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja ninayemsaidia kujifunza kuandika programu alimaliza mchezo wake wa kwanza wa simu. Gololi za rangi zinafuatana kwenye njia iliyopindapinda, wewe uko chini na mzinga wako, unarusha gololi, na tatu za rangi moja zikikutana zinapasuka. Aliujenga usiku baada ya kazi, miezi mitano, kwa laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo stima zikipotea naye amesimama. Akauweka kwenye duka la programu za simu, akatuma kiungo katika kundi letu la WhatsApp, kundi la watu wa programu, watu waliosoma. Jibu la kwanza: "Hii si Luxor?" La pili: "Kopi na pesti." La tatu lilikuwa kile kikaragosi kinacholia kwa kicheko. Kufikia asubuhi kijana alikuwa ameuondoa mchezo.

Haya. Jioni ya siku hiyo hiyo, kundi lile lile, mmoja wa wale waliocheka akauliza kama kuna mwenye kraki ya programu fulani ya kuhariri video. Alitumiwa tatu. Hakuna aliyecheka.

Kwa hivyo leo naitetea Luxor. Nikimaliza na Luxor nitarudi kwetu sisi.

Kwa ndugu zangu ambao hamkuwahi kuicheza: Luxor ilitolewa mwaka wa 2005 na kampuni ya MumboJumbo ya Dallas, Marekani. Inajifanya iko Misri ya kale. Mlolongo wa gololi unasukumwa na madundu kutoka nyuma, unafuata njia yake polepole kuelekea kwenye piramidi, na ukifika umekufa. Wewe unaendesha chombo chenye mabawa kinachoteleza chini ya skrini, kushoto na kulia, na unafyatua gololi kwenda juu. Basi. Bibi yangu, ambaye hajawahi kuandika barua pepe, aliielewa kwa dakika mbili akiwa amekaa nyuma yangu, na dakika ya tatu alikuwa ananipigia kelele kwamba nimeacha nyekundu.

Mimi niliijulia kwenye saiba. Kila saiba ya wakati ule ilikuwa na folda ya michezo, na kila folda ilikuwa na vitu vile vile: Zuma, Luxor, Chicken Invaders, Feeding Frenzy, Virtua Cop 2, na Vice City kwa wale wenye pesa ya saa nzima. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilikuwa nalipa kwa dakika, na nilikuwa nacheza nikiangalia saa kwenye pembe ya skrini kuliko nilivyoangalia gololi. Kaka aliyesimamia saiba ile alitufundisha kwamba Zuma ndiyo "orijino" na Luxor ni ya kuiga. Hatukuuliza alijuaje. Yeye ndiye alikuwa na funguo.

Hadithi hiyo ya saiba ndiyo watu wazima wenye digrii wanaendelea kuisimulia hadi leo. Basi tuitazame.

Zuma ilitolewa na PopCap ya Seattle mwishoni mwa 2003. Chura wa mawe amekaa mahali pamoja, anazunguka, anatema gololi, na mlolongo unakimbilia kwenye fuvu la dhahabu. Mandhari yake ni ya Waazteki wa Mexico. Luxor ikaja 2005, miaka miwili baadaye. Ukisimama hapo, ni kweli, utasema Luxor ni mtoto wa Zuma.

Lakini kwa nini usimame hapo? Mwaka wa 1998 kampuni ya Kijapani iitwayo Mitchell ilitoa mchezo wa mashine za kutumbukiza sarafu ulioitwa Puzz Loop. Wengine waliujua kwa jina Ballistic ulipoingia kwenye PlayStation. Kuna njia ya mzunguko kama ganda la konokono. Kuna mlolongo wa gololi za rangi unaoviringika kuelekea katikati. Katikati kuna mzinga usiosogea, unazunguka tu. Unafyatua, tatu zikikutana zinapasuka. Nisome tena maelezo ya Zuma hapo juu? Mitchell walilalamika hadharani kwamba Zuma imechukua mchezo wao. PopCap hawakukubali. Mwaka wa 2011 PopCap walinunuliwa na Electronic Arts kwa dola milioni 750. Mwaka wa 2012 Mitchell walifunga milango.

Kwa hivyo kama tunagawa majina ya wezi, ile "orijino" ya kaka wa saiba iko karibu zaidi na Puzz Loop kuliko Luxor ilivyo karibu na Zuma. Hebu kaa na hilo kidogo.

Na usikimbilie kuwalilia Mitchell pia. Mchezo uliowapa jina kabla ya hapo ni Pang, wa 1989, ule wa mipira mikubwa inayodunda na kugawanyika ukiipiga. Wazo hilo lilikuwa tayari kwenye Cannon Ball ya Hudson Soft, mwaka wa 1983. Na kurusha mpira wa rangi ili tatu zikutane zipotee? Taito walikuwa wanafanya hivyo 1994 na Puzzle Bobble. Ukishika kamba hii na kuivuta utavuta mpaka usiku, na kila utakayemkuta mwishoni ana mtu nyuma yake.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo wale waliocheka hawakuifikiria hata kwa dakika moja, ingawa ndiyo kazi yao ya kila siku. Luxor ilibadilisha nini?

Ilibadilisha mzinga. Wa Zuma unazunguka, wa Luxor unateleza. Mtu ambaye hajawahi kujenga mchezo anaona ni jambo dogo, kama kubadilisha rangi ya kitufe. Jaribu kuujenga ndipo utaona. Chura akiwa katikati, gololi zinamzingira na anaweza kulenga upande wowote. Tatizo lake ni pembe. Mzinga ukiwa chini na risasi zikipanda wima tu, kila kipande cha njia kilicho karibu nawe kinakuwa ukuta unaoficha vipande vilivyo juu yake. Ile gololi ya bluu unayoitaka iko pale, unaiona kwa macho, lakini mbele yake kuna safu mbili. Unasubiri mwanya upite. Mchora njia wa Luxor anachora mahali pa kujificha, na mchora njia wa Zuma hana haja ya kufikiria hivyo kwa kiasi hicho.

Halafu kuna umbali. Gololi iliyo juu kabisa ya skrini inachukua muda kufikiwa, na wakati risasi inapanda mlolongo unatembea, kwa hivyo unalenga pale itakapokuwa, kama mtoto anayerusha jiwe kwa embe linaloyumba kwenye upepo.

Na kuna zawadi. Kwenye Zuma uwezo wa ziada umebebwa na gololi zenyewe ndani ya mlolongo: pasua ile, upate kurudisha mlolongo nyuma au kuupunguza mwendo. Kwenye Luxor unaanguka. Umeme, mpira wa moto, vito, sarafu, vyote vinadondoka kuelekea chini na lazima usogee ukavidake kwa chombo kile kile unachofyatulia. Hapo ndipo mchezo ulipo! Je, nikimbilie kushoto nikadake ule umeme, au nibaki hapa kulia nipige zile njano mbili kabla hazijageuka kona? Kila sekunde unachagua. Na uchaguzi huo hauwezekani kabisa kwa chura aliyekaa, maana chura hana mahali pa kwenda. Badiliko moja la mzinga limezaa mchezo wenye maswali mengine.

Eti kopi na pesti. Niambie ulikopi wapi na ukapesti wapi, maana msimbo wa Zuma PopCap hawakuwahi kuugawa.

Ngoja niwaonjeshe pia kazi iliyo chini ya kifuniko, kwa wale wapya. Mlolongo wa gololi unaonekana kama jambo la fizikia, lakini ukiufanya kwa fizikia utajuta. Kila gololi inabeba namba moja tu: iko umbali gani kutoka mwanzo wa njia. Unaanza na ya nyuma kabisa, inayosukumwa, unaisogeza. Kisha unaiangalia ya mbele yake: je, umbali kati yao umekuwa mdogo kuliko kipenyo cha gololi? Kama ndiyo, isukume mbele ikae sawa. Endelea hivyo mpaka mwisho wa mlolongo. Ukipasua tatu katikati, mwanya unafunguka wenyewe: za mbele hazina anayezisukuma, zinasimama, mpaka za nyuma zizifikie. Hukuandika mstari wowote wa "simama". Mimi nilipoona hilo likifanya kazi mara ya kwanza nilicheka peke yangu saa nane za usiku.

Shida inakuja kwenye kona. Njia yenyewe umeichora kwa mikunjo ya Bézier, na mikunjo ile ina tabia mbaya: ukiongeza kigezo chake kwa hatua sawa, gololi haisogei kwa hatua sawa. Inakimbia kwenye mnyooko, inajikokota kwenye kona, na gololi zako zinapandana kama abiria wa matatu ya jioni. Dawa yake ni kuukatakata mkunjo vipande vidogo kabla mchezo haujaanza, kujumlisha urefu wake, kuuhifadhi kwenye jedwali, kisha kutafuta ndani ya jedwali hilo kila unapotaka kujua "umbali wa pikseli 412 uko wapi kwenye skrini". Kijana wangu alihangaika na kona wiki tatu. Hakuna aliyemwonyesha. Aligundua jedwali mwenyewe, kisha akaja kuniuliza kama linaruhusiwa. Linaruhusiwa!

Huyo ndiye mmemwita kopi na pesti.

Haya, mandhari. Hapa nitakuwa mkali kwa MumboJumbo kidogo, kwa sababu sitaki mseme nimelipwa. Misri yao ni ya kadi ya posta. Luxor ni mji wa kweli, Misri ya juu, mahali palipokuwa Thebes, mji mkuu wa mafarao wa Ufalme Mpya kwa vipindi virefu. Kuna mahekalu ya Karnak pale. Lakini piramidi zile za picha, zile kubwa, ziko Giza, kaskazini, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Wafalme waliozikwa ng'ambo ya mto kutoka Luxor, akiwemo Tutankhamun ambaye kaburi lake Howard Carter alilikuta 1922, walichimbiwa ndani ya mwamba kwenye Bonde la Wafalme. Kwa hivyo mchezo uitwao Luxor unakuambia ulinde piramidi. Ni sawa na kutengeneza mchezo uitwao Mombasa halafu mchezaji analinda Mlima Kenya. Mmarekani hakuona tatizo. Na sisi, tulio bara moja na Misri, tulicheza miaka yote ile bila kuona tatizo pia, kwa hivyo nisijifanye.

Lakini dundu! Dundu wale walikuwa wazo la mtu mwenye akili. Wamisri wa kale walimwangalia dundu anayeviringisha mpira wa kinyesi wakaona mfano wa jua linaloviringishwa angani. Mungu wao Khepri, wa jua la asubuhi, alichorwa kama dundu huyo. Sasa mtu fulani pale Dallas alikuwa na tatizo ambalo kila mchezo wa aina hii unalo: kwa nini gololi zinatembea? Nani anazisukuma? Kwenye Puzz Loop zinatembea tu. Kwenye Zuma vilevile. Kwenye Luxor kuna mdudu ambaye duniani kote anajulikana kwa kazi moja, kusukuma mpira, na amewekwa nyuma ya mlolongo anasukuma. Kanuni ya mchezo imepata sababu. Piramidi si mahali pake, sawa, lakini yule dundu yuko nyumbani kabisa.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muishike. Kanuni, ile "tatu zikikutana zinapasuka", haina mwenyewe. Dundu aliyechorwa, njia iliyochorwa, sauti, msimbo, hivyo vina wenyewe, kwa sababu kuna mtu alikaa akavifanya.

Na sheria, ambayo huwa sipendi kuinukuu kwa sababu wanasheria wako humu wakisoma kimyakimya, inasema hivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, kama riwaya. Msimbo wako unalindwa. Lakini Sheria ya Mali ya Viwandani, ya mwaka huo huo, inapotaja vitu visivyohesabiwa kuwa uvumbuzi, imeweka wazi humo kanuni za kucheza michezo. Waliotunga sheria walijua walichokuwa wanafanya. Fikiria kama kungekuwa na mtu mwenye hataza ya bao. Wajaluo wanacheza ajua, Wakikuyu giuthi, watu wa Pwani bao lao lenye safu nne na sheria za kumwua mtu kwa kichwa, na hakuna mzee wa Lamu aliyewahi kumwambia mzee wa Kisumu "wewe umenikopi". Mashimo na kete ni ya kila mtu. Ubao ulionakshiwa na fundi ni wa fundi.

Najua mtakachosema, kwa hivyo nijibu kabla hamjaandika.

Mtasema Threes. Na hapo mmenishika pabaya, nakiri. Threes ilitoka Februari 2014. Waliotengeneza, Asher Vollmer na Greg Wohlwend, walikuwa wameisugua kwa miezi 14, wakiuza kwa dola mbili hivi. Mwezi mmoja baadaye ikatoka 2048, ambayo Gabriele Cirulli aliitengeneza wikendi moja, bure, na dunia nzima ikacheza 2048. Watu wakawaambia wale wa Threes kwamba WAO ndio walioiga. Inauma. Mimi ningelia. Sina jibu la kuondoa uchungu ule, na sitajifanya ninalo. Ninachosema ni kwamba Cirulli aliweka msimbo wake wazi na hakuchukua picha wala sauti ya mtu. Kilichowaumiza wale wawili kilikuwa kasi ya mwigo, pamoja na duka la simu lisilomwonyesha mnunuzi nani alitangulia. Ukileta sheria ya kumiliki kanuni ili kuwalinda watu wawili kama hao, atakayeitumia kesho ni kampuni yenye mawakili mia, na atakayeshtakiwa ni kijana wangu mwenye laptopu isiyo na betri.

Mtasema Tetris. Ndiyo, mwaka wa 2012 mahakama ya shirikisho ya New Jersey iliamua kwamba kampuni ya Xio ilivunja hakimiliki ya Tetris. Lakini someni ile hukumu ilisema nini. Xio walikubali wazi kwamba waliiga makusudi, wakidhani wamechukua kanuni tu. Mahakama ikasema kanuni wangeweza kuchukua, ila walichukua pia sura: maumbo ya vipande, namna vilivyochorwa, vipimo vya uwanja, hata kile kivuli kinachoonyesha kipande kitatua wapi. Kwa maneno mengine, mahakama ilichora mstari pale pale ninapouchora mimi. Luxor na Zuma ukiziweka kando kwa kando, hata mtoto hawezi kuzichanganya.

Sasa nije kwetu, na nianze na mimi, kwa sababu mwenye mchele ndiye anayepaswa kuchambua kwanza sahani yake.

Mwaka wangu wa nne chuoni mradi wangu wa mwisho ulikuwa mchezo niliouita Foleni. Badala ya gololi kulikuwa na matatu za rangi mbalimbali kwenye foleni ya kuingia mjini, mzunguko wa barabara mwishoni, na wewe ni askari wa trafiki unayesogea chini ya skrini. Ulikuwa mchezo mzuri, nasema bila haya. Siku ya kuutetea, mmoja wa wahadhiri waliokaa kwenye meza aliuangalia kwa nusu dakika akasema, "Kijana, hii nimeicheza saiba. Ni Luxor. Ubunifu, sifuri." Si mzaha, aliandika alama za chini kabisa kwenye sehemu ya ubunifu. Baada yangu aliingia mwenzangu na mfumo wa kusimamia hospitali. Mnaujua ule mfumo wa kusimamia hospitali. Sote tunaujua. Aliupakua mzima kutoka mtandaoni, akabadilisha jina la hospitali na rangi ya juu, akaacha hata majina ya wagonjwa ya Kihindi kwenye hifadhidata. Akapongezwa kwa sababu "unasaidia jamii".

Nilibeba hasira hiyo miaka. Na nilikuwa na haki ya nusu yake tu. Maana kuna kitu hakuna aliyekiona siku ile mezani, na sijawahi kukiandika hapa. Sauti ya matatu kupasuka kwenye Foleni niliitoa kwenye folda ya Luxor. Faili nzima, niliibadilisha jina tu. Ule mlio wa kudaka zawadi, pia. Na Luxor yenyewe niliyoitoa humo ilikuwa nakala iliyovunjwa kufuli, niliyoinunua ikiwa kwenye sidii pamoja na michezo mingine arobaini, shilingi hamsini. Walionikata alama walinikata kwa kitu ambacho ni halali yangu kabisa, wakaupita wizi wa kweli uliokuwa unalia kwenye spika mbele yao. Mimi nikatoka pale nikijiona shahidi wa dini.

Mnaona sasa tulivyogeuza mambo? Mtu akichukua kanuni, ambayo ni ya watu wote, tunamwaibisha mpaka anafuta kazi yake. Akichukua jasho la mtu, sauti, picha, programu nzima yenye kufuli, tunamuuliza kiungo kiko wapi.

Najua utetezi wetu, nimeutumia. Luxor na wenzake waliuzwa hivi: unacheza bure dakika 60, halafu kufuli, halafu dola kama ishirini. Ishirini! Kwa kadi ya benki ambayo mzazi wangu hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo hangeiandika kwenye intaneti. Hakukuwa na mlango wa sisi kuingilia kwa halali, na waliouza hawakutufikiria hata siku moja. Ni kweli yote. Simhukumu mtoto wa miaka kumi aliyekuwa ameketi saiba. Lakini mtoto yule amekua, ana mshahara, ana M-Pesa, anauza programu zake mwenyewe kwa watu wa Kenya, na anashangaa kwa nini mteja wa Kenya hataki kulipia programu. Sisi ndio tuliomfundisha huyo mteja. Tulimchomea sidii.

Wakati tunafundishana kwamba programu ni kitu cha bure, tunafundishana pia kwamba kuanza na kanuni ya mtu mwingine ni aibu. Mtu anayejifunza atajenga nini basi? Hakuna fundi wa seremala aliyeanza kwa kuvumbua kiti. MumboJumbo walichukua mchezo uliokuwepo, wakauliza "mzinga ukiteleza je?", wakapata kampuni ya miaka mingi: Luxor 2 ya 2006, Luxor 3 ya 2007, nyingine na nyingine mpaka ukachoka (hata wakatoa ya Mahjong, hapo sina utetezi wowote). Kijana wangu alikuwa amefikia swali lake mwenyewe. Kwenye mchezo wake njia mbili zinapishana, na gololi zikipasuka kwenye makutano, milolongo inabadilishana mikia. Sijaiona mahali popote. Kuna yeyote kati ya mliocheka aliyefika hatua hiyo? Iko hatua ya sita. Aliniambia kabla hajaufuta: hakuna aliyevuka hatua ya pili.

Luxor niliinunua mwaka wa 2021, ile iliyoboreshwa ya HD, kwa pesa zisizofika bei ya pizza. Foleni nimeifungua tena mwezi huu. Zile sauti mbili nimezitoa. Mlio wa kupasuka sasa ni sufuria ya bibi yangu niliyoigonga kwa mwiko jikoni, nikarekodi kwa simu, na ule wa kudaka zawadi ni kondakta, mimi mwenyewe, nikigonga mlango wa gari la jirani mara mbili. Msimbo wote, pamoja na lile jedwali la kona, nitauweka hapa wikendi hii mchukue.

Kijana bado hajaurudisha mchezo wake. Jana usiku nilimwandikia tena. Ameusoma ujumbe, alama mbili za bluu zipo, hajajibu.